Utafiti Zaidi Unahitajika

Tulare, 12 Januari

Mena mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani, ambako ukungu umekaa siku ya nne na hata milozi ya jirani hatuioni. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje, au huko Sacramento wamekupa ofisi yenye joto? Sisi tu wazima kiasi. Marcos alipata mafua akaniambukiza mimi, mimi nikamwambukiza Délio, na Délio anasema amewaambukiza ng'ombe. Ivone peke yake ndiye hana kitu. Ametimiza miezi miwili juzi. Mashavu yamejaa, na nywele amechukua za Baba, yaani hana.

Unajua maziwa yangu yalikata Krismasi. Nililia siku mbili, kisha nikanunua ya kopo, na sasa siku yangu inapimwa kwa chupa. Hapa ninapokuandikia niko kwenye meza ya jikoni, amelala. Mchana usinipigie simu. Ikilia anaamka, na akiamka wewe huko utamsikia bila simu. Niandikie barua. Mama alikuwa akisema barua haimwamshi mtu.

Baba anajivunia wewe, ila ana namna yake. Jumapili baada ya misa, pale ukumbi wa Wareno wenzetu, mzee Laurénio alimuuliza, "Hermínio, yule binti yako daktari yuko hospitali gani?"

"Si daktari wa watu. Ni wa udongo."

"Udongo unaumwa nini?"

Watu wakacheka. Baba akashusha sauti kama anayetaja ugonjwa: "Sasa hivi yuko serikalini."

Basi niambie mimi, nipate la kuwajibu. Miaka tisa umesoma udongo, sasa uko Bungeni. Hukupigiwa kura, si karani, si mwanasheria. Kutwa unafanya nini hasa?

Kula vizuri. Nikikuona Pasaka umekonda nitajua unakula biskuti.

Dada yako,
Odília


Sacramento, 26 Januari

Dada Odília mpenzi,

Barua yako imenifikia Jumatano nikaisoma kwenye lifti, nikapitiliza ghorofa yangu mara mbili. Mimi mzima, kifua kimetulia. Mbusu Marcos, mbusu Ivone kwenye upara, na shemeji Délio mpe pole ya ng'ombe.

Kazi yangu iko hivi. Kila mwaka Bunge la jimbo linapokea watafiti kumi waliomaliza shahada ya udaktari, linatugawa kwenye kamati na ofisi za wabunge kwa mwaka mmoja, tuwaeleze mambo ambayo wanasheria wao hawayajui. Mmoja wetu alikuwa anasoma nyota; amepewa nguzo za umeme na moto wa misitu. Mwingine alikuwa mtaalamu wa nyuki, amepewa bima. Mimi angalau nimepewa kamati ya maji.

Bosi wangu ni Bi. Hargrove, mkuu wa wataalamu wa kamati. Yuko hapa tangu sijazaliwa. Wiki ya kwanza nilimpelekea kurasa kumi na nne. Akazipima mkononi kama mtu anayenunua nyama. "Nzuri," akasema. "Sasa nipe moja."

"Ukurasa mmoja?"

"Na ubakize nafasi chini niandike namba za simu."

Kanuni yetu kubwa ni kwamba hatuna upande. Sisi tunaeleza, wao wanaamua. Sasa nimepewa mswada wangu wa kwanza. Unataka jimbo lipime bila malipo kila kisima cha nyumbani kilicho karibu na mazizi makubwa ya ng'ombe wa maziwa, na majibu yawekwe wazi kwa kila mtu. Nilimwambia Bi. Hargrove kuwa nimezaliwa zizini. "Utaweza kuuandika ulivyo?" Nikasema nitaweza. "Tutaona," akasema, akanipa.

Hili linalofuata siulizi kwa ajili ya Bunge. Maji ya chupa ya Ivone unayatoa wapi? Kisima chetu na bwawa la samadi ni hatua hamsini. Samadi ikipenya ardhini huacha chumvi iitwayo nitrati. Haina rangi, haina harufu. Mtu mzima huenda isimguse, lakini mtoto mchanga wa chupa inamzuia damu isibebe hewa, midomo inageuka bluu. Na kuchemsha hakuiondoi, Dada. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi. Nakuomba leo hii ununue maji dukani, na kesho upeleke ya kisimani maabara.

Mama mdogo wa Ivone,
Mena


Tulare, 8 Februari

Mena,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, na neno hilo wiki hii naliandika nikiwa nimehakikisha.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikaikunja, nikaenda kukunja nguo, nikazikunja zote hata chafu. Wiki tano nimemchemshia mwanangu maji dakika kumi nikitazama saa, kama Mama alivyotufanyia, nikijiona mama mwangalifu. Nilikukasirikia hadi jioni. Ungeweza kunitangulizia neno laini. Kisha nikaona hakuna neno laini la jambo hilo, nikaacha.

Nilimpeleka kwa daktari. Wakambana kidole cha mguu na kile kikoleo cha kupimia hewa ya damu, akawa mzima kabisa. Maji niliyapeleka maabara kwenye sanduku la barafu, Marcos akilia anataka kulikalia. Majibu yakaja Ijumaa. Kikomo cha hiyo nitrati ni kumi. Yetu ni kumi na saba. Yule binti wa dirisha la maabara aliniuliza, "Nyumbani kuna mtoto mchanga?" Nikasema yupo. Akasema, "Basi si haya."

Sasa nachota kwenye mashine ya kuuza maji mjini, madumu manne kila siku ya pili, Ivone kifuani na Marcos akining'inia kwenye sketi. Mgongo nauacha garini.

Délio anajua. Baba hajui, na hatajua. Kile kisima alichimba na Babu kwa mikono yao. Ukimwambia mfugaji maji yake mabaya umemwambia bwawa lake linavuja, na bwawa likivuja watu wa serikali wanakuja na buti na karatasi, na watu wa ukumbini wanashusha sauti ukiingia. Amebakiwa na nini huyu mzee zaidi ya jina?

Kwa hiyo nisikilize. Hii kumi na saba ni yangu, si yako. Usiitie kwenye karatasi zako, usimnong'oneze huyo bibi wako wa kurasa. Nakupenda, na nimekataa.

Dada yako,
Odília


Sacramento, 3 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Niliposoma kuwa Ivone mzima niliketi kwenye ngazi za ofisi nikatulia pale hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Mimi sijambo, usingizi tu umenipungukia.

Ahadi nimekupa. Kumi na saba sijamwambia mtu na sitamwambia.

Uchambuzi wangu wa mswada umetoka. Sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu vile. Kila nilipoona neno linaegemea upande wako, nalifuta. Nilipomaliza nikafunga kama tunavyofunga makala zetu tangu siku ya kwanza ya chuo: idadi ya visima vilivyochafuka haijulikani kwa uhakika, makadirio ni kati ya kimoja na vinne katika kila kumi, utafiti zaidi unahitajika. Bi. Hargrove alikuwa na miswada ishirini na sita mezani wiki ile. Akasoma juu, akasoma chini, akasema sawa.

Nadhani hakuna atakayejua nilizaliwa wapi. Kikao ni katikati ya Aprili. Pasaka sitaweza kuja, nisamehe. Baba mwambie namwomba baraka.

Mdogo wako,
Mena


Sacramento, 16 Aprili

Dada,

Hamjambo nyote? Jino la Ivone limetoka au bado? Kwangu hakuna ugonjwa, ila nina habari na nitaiandika mara moja nisije nikaipamba.

Jana mswada ulisikilizwa. Alisimama mtu wa chama cha wafugaji, mrefu, mpole, akainua ukurasa wangu juu watu wote wauone. "Waheshimiwa, hakuna asiyetaka maji safi. Sisi tunakubaliana na mtaalamu wa kamati yenu wenyewe." Akasoma sentensi yangu ya mwisho polepole, hadi *utafiti zaidi unahitajika*.

Mbunge mmoja aliyekuwa anatafuna lozi akauliza, "Kwa hiyo hatujui?"

Wafanyakazi hawasemi wasipoulizwa. Mwenyekiti akanigeukia. "Daktari, tunajua au hatujui?"

Dada, nilijibu, "Inategemea maana ya kujua, Mheshimiwa."

Ukumbi ulicheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Katika dakika ishirini waliugeuza mswada. Hakuna kisima kitakachopimwa. Badala yake jopo la wataalamu litafanya utafiti miaka mitatu, kisha liandike ripoti. Wote walipiga kura ya ndiyo, hata aliyeuleta, akasema kidogo si haba.

Kwetu watafiti maneno yale ni adabu tu. Ni kama kusema Mungu akipenda. Hakuna makala isiyo nayo. Wao wameyachukua kama agizo langu.

Chuoni ukikosea unachapisha masahihisho. Nilimuuliza Bi. Hargrove nifanyeje. Hakunigombeza. Alisema, "Hapa hatuna masahihisho. Tuna kikao kijacho." Mswada unakwenda Seneti, lile Bunge la pili la jimbo, utasikilizwa tarehe mosi Julai, na wao wanaweza kuurudisha ulivyokuwa wakitaka.

Siruhusiwi kumwomba mtu yeyote aje kusema kitu, na wewe ndiye wa mwisho ningekuomba. Sikuombi. Nakueleza nilichofanya.

Mena


Tulare, 12 Mei

Mena mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, u hali gani? Barua yako imekaa kwangu wiki tatu na zaidi. Jino limetoka, mawili, na yote mawili yameshaniuma.

Nitakuambia kama dada, si kama mtu wa Bunge. Ulipoulizwa tunajua au hatujui, ulijua. Mimi nimeishia sekondari na nilijua. Marcos akiniuliza jiko lina moto, simwambii inategemea. Namwambia lina moto, na mkono namshika.

Haya, nimemaliza kukusuta, maana mwenyewe sina uso wa kusutia.

Humjui Marisela. Ni mke wa Chuy, mkamuaji tuliyemwajiri Desemba. Wanakaa kwenye ile nyumba ndogo nyuma ya banda la ndama. Ana mimba ya miezi mitano. Bomba lao na letu ni kisima kimoja. Jumamosi alikuja kuniazima sufuria kubwa, ile ya supu ya sikukuu. Nikaingia stoo kuitafuta. Niliporudi alikuwa amesimama kwenye sinki langu anakunywa glasi ya maji. "Daktari kaniambia ninywe maji mengi," akasema, akajaza ya pili.

Madumu yangu yalikuwa chini ya meza, yamefunikwa taulo. Tangu Februari nayafunika taulo, Mena, Baba asiyaone. Sikuwahi kujiuliza nani mwingine hayaoni.

Nikaitoa glasi mkononi mwake. "Usinywe haya."

"Kwa nini?"

"Keti kwanza."

Nikamwambia yote. Akanisikiliza, mkono uko tumboni. Akauliza jambo moja: "Umejua tangu lini?" Nikamwambia Februari. Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Alichukua ile sufuria akaenda.

Jioni ile nilimwambia Baba. Délio alikuwa mezani anakula, mimi namwogesha Ivone kwenye beseni.

"Baba, kisima kimeharibika."

"Pampu?"

"Maji."

"Nani kasema?"

"Maabara."

"Nani kapeleka?"

"Mimi."

"Na wewe nani kakutuma? Yule wa Sacramento?"

"Huyu wa kwenye beseni."

Akamtazama Ivone. Akasema, "Mimi nimekunywa maji hayo miaka hamsini. Nimekufa?"

"Hujafa. Lakini ulianza na ng'ombe thelathini, Baba. Leo ni mia nne, na bwawa ni lile lile."

Délio aliinamia sahani yake kama kuna kitu kimeandikwa. Baba akavaa kofia akaenda kwa ndama. Leo siku ya nane hanisemeshi, kahawa anainywea bandani. Jana nilimwona dirishani, yuko kati ya kisima na bwawa, anapima kwa hatua. Alifika mwisho akarudi, akahesabu tena.

Ile kumi na saba sasa Marisela anayo, Baba anayo. Siyo yangu peke yangu tena. Lakini yako bado siyo.

Dada yako,
Odília


Sacramento, 9 Juni

Dada mpenzi,

Salamu, na ukimwona Marisela mpe zangu kama zinapokeleka. Niko mzima. Niliyasoma maneno yako ya jiko mara nyingi, nikayakubali.

Hiki ninachokuambia kimebandikwa kwenye tovuti, na ningemwambia yeyote anayeuliza. Wewe hukuniuliza, ila shemeji Délio amenipigia simu akaniuliza, kwa hiyo namjibu yeye na wewe usome.

Kikao kinaanza saa tatu asubuhi. Kila upande unapewa wasemaji wawili. Wakimaliza, mwananchi yeyote anapanga foleni kwenye kipaza sauti, kwanza wanaounga mkono, kisha wanaopinga. Unasema jina, unakotoka, na msimamo wako. Basi. Anayezidisha anakatizwa, hata awe askofu.

Wa kamati yetu tutakuwepo, endapo watauliza jinsi mswada ulivyopita kwetu. Nitakuwa ukutani. Akija mtu ninayemjua sitaweza kumkumbatia wala kuketi naye. Akiniona nimenyamaza asidhani nimemsahau.

Mdogo wako,
Mena


Tulare, 3 Julai

Mena mdogo wangu,

U mzima, nilikuona. Umekonda, nilijua. Na ukutani ulinyamaza vizuri, ila macho yalikuwa yanasema hadi mlangoni.

Nikusimulie upande wetu. Alfajiri ya juzi nilitoka na Ivone na mfuko wa nepi, nikamkuta Baba kwenye usukani, kavaa kofia ya kanisani. Kusemeshana kulikuwa kumerudi nusu, ya nipe chumvi na funga geti. Akasema, "Utasinzia njiani. Siku hizi hulali." Saa nne nzima za barabara hakufungua redio. Nilidhani amekuja kunisindikiza.

Foleni uliiona. Mbele yangu walipita watu kumi, jina, mji, naunga mkono, kama wanaohesabiwa kupanda basi. Ikawa zamu yangu. Nikasema, "Odília Toste, Tulare. Tuna ng'ombe mia nne. Naunga mkono." Hapo nilitakiwa niondoke. Miguu haikuondoka. Nikasema, "Kisima chetu ni kumi na saba."

"Mama, jina na msimamo tu, tafadhali," mwenyekiti akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa, msimamo wenyewe ndio huo. Kikomo ni kumi. Huyu nimempa maji yake wiki tano kwa sababu sikujua, na mngepima ningejua."

Akagonga meza kwa kirungu chake, lakini taratibu, kama anayebisha hodi. Nikaondoka.

Kisha wakaitwa wanaopinga, na Baba akainuka. Uliona. Mimi nilitaka kuingia chini ya kiti. Akajipanga na wenzake wenye kofia, zamu yake ikafika. "Hermínio Borba, Tulare, mfugaji. Napinga." Wengine walikuwa wanasema na kupita, yeye akabaki ameshika kile kipaza sauti. "Huyo aliyesema kumi na saba ni binti yangu. Hasemi uongo."

Mwenyekiti akauliza, "Mzee, unapinga au unaunga mkono?"

"Nimeshasema napinga. Nasema tu kwamba hasemi uongo."

Pale hakucheka mtu.

Halafu yule seneta mama mwenye miwani shingoni akakuita wewe kutoka ukutani, akasema, "Kamati yenu iliandika hatujui vya kutosha. Mtaalamu aliyeandika ni wewe. Bado hatujui?" Nikafumba macho. Ukasema, "Tunajua vya kutosha kupima." Nikafumbua. Ulikuwa umeshanyamaza. Sikujua unaweza kusema maneno machache hivyo.

Njiani kurudi nilimuuliza Baba kwa nini amepinga. Alisema Laurénio na wenzake walimpigia mapema, akawapa neno lake kabla hajajua mimi naenda. Nikasema, na mjukuu wako je? Tulipofika Madera akaingia dukani, akatoka anasukuma toroli la madumu ya maji. Nyumbani aliyateremsha mwenyewe, sita kwetu, sita kwenye mlango wa Marisela. Hakubisha. Aliyapanga tu akaondoka.

Ile kumi na saba sasa ni ya Bunge zima. Nimekufungulia ahadi yako.

Dada yako,
Odília


Sacramento, 30 Agosti

Dada mpenzi,

Hamjambo? Joto la huko naliona kwenye habari, msikae bandani mchana. Mimi mzima, na mwezi wa Oktoba mwaka wangu wa Bunge unakwisha.

Jana ilikuwa ile siku ya Agosti ambapo kamati ya fedha inasoma miswada mamia kwa mkupuo mmoja, namba na hatima yake, kama mwalimu anayesoma waliofaulu. Hakuna anayeeleza kwa nini. Nilikaa na yule wa nyuki na yule wa nyota, kila mmoja ameandika namba zake mkononi. Wa nyota mswada wake ulikufa akiwa anapiga chafya.

Wetu umepita, umepunguzwa. Seneti ilirudisha kupima. Sasa kamati ya fedha imesema nyumba zenye mjamzito au mtoto wa chini ya mwaka mmoja zipimwe kwanza, nyingine zisubiri. Majibu atapewa mwenye nyumba na kila anayekunywa kisima hicho, hata mpangaji. Bado Mabunge yote mawili yapige kura ya mwisho, kisha Gavana ana hadi Oktoba kutia sahihi, au kutotia. Ikianza itakuwa Januari. Ivone atakuwa ameshapita mwaka. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Baada ya kile kikao cha Julai Bi. Hargrove aliniambia, "Ulichosema kilikuwa kinakaribia kuwa upande."

"Nilijibu swali."

"Ndiyo maana bado una meza," akasema.

Sijui nitakwenda wapi baada ya hapa. Chuo kimoja kimeniandikia. Baba bado hajaniandikia, na sijui nimwandikie nini mtu aliyepinga, halafu akasema wewe husemi uongo. Mwambie namwomba baraka.

Mama mdogo wa Ivone,
Mena


Tulare, 21 Septemba

Mena mdogo wangu,

Salamu za joto na vumbi la mavuno. Natumaini huna mafua. Hapa afya ipo. Ivone amesimama bila kushika kitu, akajishangaa, akaketi. Marisela amejifungua tarehe tisa, mtoto wa kiume, Isandro, kilo tatu na nusu, wote wazima. Tangu Mei alikuwa ananisalimu kwa kichwa tu. Juzi alikuja mlangoni akaniomba beseni la kuogeshea. Nikampa, na taulo. Naona tutafika.

Kuhusu Januari, nilishapiga hesabu hiyo mwenyewe. Usijisumbue. Isandro atakuwa na miezi minne.

Sasa Baba ameketi hapa mbele yangu. Amekuja jikoni amevua buti, anasema nikuandikie, yeye mkono wake mzito. Anataka niandike anavyosema, nisipambe. Haya.

*Mena. Ng'ombe wazima.* Nimemwambia amuulize mtu kwanza hali yake. *U mzima? Mimi mzima. Mchimbaji wa visima anakuja tarehe mbili Oktoba.* Nimemuuliza, mchimbaji gani, mbona sijaambiwa? Anasema ndiyo naambiwa sasa. *Anataka tuchimbe pale pale penye kisima cha Babu, ila tushuke chini zaidi, kazi iishe siku mbili. Mimi sitaki pale pale. Nimepapigia hatua mara nyingi, sipati jibu, maana hatua ni za juu na maji yanatembea chini. Mtu wa kuniambia yanatembea kuelekea wapi simjui mwingine.*

Anakuna kidevu. Délio kaingia, kaona hali, katoka.

*Njoo na lile bomba lako la kuvutia udongo, lile uliloua nalo mawaridi ya Mama yako.* Nimemwambia hayo ya mawaridi siyaandiki. Anasema andika. *Piga mashimo unayotaka. Hata kama ni siku tano, mchimbaji atangoja, mimi ndiye ninayemlipa. Tia kijiti pale utakapoona panafaa, nami nitachimba hapo, hata pakiwa katikati ya malisho. Na bomba la nyumba ndogo litatoka hapo hapo.*

Nimemuuliza, na sheria yao je, nimwambie nini? *Mwambie bado naipinga. Mtu asiyejua samadi asinipangie.* Nimemuuliza kama ana neno jingine. Anasema hana. Kisha anasema, *mwambie chumba chake kina godoro jipya.*

Ivone ameamka, ananiita kwa mayowe, kwa hiyo naishia hapa. Kuhusu chuo tutaongea ukija, nina maoni. Nilitaka kumwandikia Baba jina lake hapa chini, kanikataza. Anasema barua ya kwanza anayomwandikia binti yake ataitia sahihi mwenyewe. Kaenda sinki kunawa mikono.

Dada yako,
Odília

Hermínio Borba
Baba yako